Nilimwambia Apumzike

Sisi watu wa Mji wa Kale hatumfukuzi mtu. Ni aibu. Mtu akituchosha twamwambia apumzike, twamuuliza hali yake na ya watu wake wote, twamsindikiza mpaka kizingitini, na ni mpaka afike kwake na kuvua viatu ndipo atambue kwamba ameshatolewa. Nimezaliwa mtaa wa Kuze, nikalelewa Kuze, na hiyo ndiyo adabu niliyofunzwa. Nilikuwa nikijivunia.

Bustani yetu ilianzia kwenye gofu. Nyumba iliporomoka wakati wa masika, wenyewe wakiwa ng'ambo, na kwa miaka mahali pale pakawa jaa la mtaa mzima. Nilipostaafu ualimu niliwaandikia wenye kiwanja nikaomba nipalime mpaka watakapopahitaji, wakakubali. Nimesomesha kilimo miaka ishirini na sita katika mji ambao mtoto haoni jembe ila kwenye kitabu, nikasema kabla sijafa angalau nione tuta moja la kweli. Tulikuwa wanawake tisa. Miezi mitatu tulizoa mawe na chokaa, kisha tukaleta udongo kwa mkokoteni.

Tabu ilikuwa maji. Kisima cha pale ni chumvi tupu, na maji ya mfereji hapa kwetu hutoka siku yanapotaka yenyewe. Basi nikaenda kwa wazee wa msikiti tuliopakana nao ukuta kwa ukuta, nikawaomba maji ya udhu. Watu hunawa mara tano kwa siku, mikono, uso na miguu, na maji yote yale huishia mtaroni. Wazee walicheka, kisha wakaruhusu. Tukatoboa ukuta, tukapitisha bomba, maji yakachujwa kwa kokoto na makaa, yakaingia kwenye tangi letu. Hata leo sijafanya kazi nyingine ninayoionea fahari kama bomba lile.

Mboga zikaota. Hatukutia dawa wala mbolea ya dukani, ni samadi na mboji tu, na kila Jumamosi tuliuza mlangoni. Wachuuzi wa soko la Marikiti walitutania kwamba wadudu hula nusu, nasi twauza nusu iliyobaki. Hawakukosea sana. Baadaye tukapata wafadhili, wakatugawia buti za mpira na kibao kikubwa cha kusema hii ni bustani ya afya ya akili na ya kujifunza. Kile kibao nilikiona maneno matupu, mpaka alipokuja yule mwanamke.

Aliletwa na muuguzi wa zahanati. Alikuwa mtu wa bara, mumewe karani katika yadi moja ya makontena kule Shimanzi, na walipanga chumba Majengo. Walikuwa wamemzika mtoto wao wa pekee, wa miaka minne, na tangu siku ile mama hakusema tena. Si kwamba alikuwa bubu. Alikuwa ameacha tu, kama mtu anavyoacha kula. Muuguzi aliniomba nimpe kazi ya mikono nisimuulize lolote, nami nikampa tuta la karibu na tangi. Wiki tatu aling'oa magugu akiwa ameinamisha kichwa. Wiki ya nne, nikiwa nimesimama nyuma yake nikiisifu sukuma wiki yangu, akaniambia bila kugeuka, "Mwalimu, hizi mmezipanda karibu mno. Zitanyimana."

Miaka ishirini na sita nimesomesha nafasi kati ya mche na mche, na alisema kweli. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

Tangu hapo alikuja kila siku, wa kwanza kabisa, asubuhi kabla jua halijapanda ukuta. Yeye ndiye aliyefungua tangi, akamwagilia tuta lake na mengine yote. Alituletea mbegu za mnavu wa kwao, akawafundisha wenzake kuupika kwa maziwa, nao wakafanya nyuso kama waliolishwa shubiri, na wiki iliyofuata wakauomba tena. Buti zake alizichukua kwenda nazo nyumbani kuzisafisha, akarudi amezivaa zinameta. Siku moja mumewe alikuja mlangoni akasimama asiingie. Ndani mkewe alikuwa akimgombeza mtu kwa sababu ya jembe lililoachwa juani. Yule bwana aliniambia nyumbani bado haongei ila habari za mboga. Akasema, na aongee mboga.

Kisha lile tuta la karibu na tangi likaanza kuungua. Majani yalikauka pembeni, yakageuka rangi ya kahawia, miche michanga ikalala. Ikioteshwa mingine, wiki moja tu nayo imekwisha. Matuta ya mbali yalikuwa mazima.

Katika wale wanawake alikuwako bi mkubwa mmoja ambaye mtaa mzima humsikiliza. Harusi haichezwi na maiti hakoshwi bila yeye. Akanivuta kando. Kwetu mwanamke akiwa katika siku zake hakanyagi tuta la mboga wala hachumi pilipili, maana husemwa vitakauka. Wote tulilelewa hivyo, na kila aliyekuwa katika siku hizo alikaa kando akafunga mafungu ya mboga. Yule wa bara hakujua, na hapana aliyemwambia.

"Mwanangu, mimi simsingizii mtu," bi mkubwa akasema. "Lakini yule yuaingia kila siku, mwezi mzima, hana siku hata moja ya kukaa. Na lililokufa ni tuta lake. Wenzangu wawili wasema wataacha kuja."

Ningetaka kuandika hapa kwamba nilimjibu. Darasani nilikuwa nikiwaambia wasichana kwamba huo ni upuuzi, kwamba pilipili haijui kalenda ya mtu. Tena nilijua jani lililoungua pembeni ni dalili ya nini: ni chumvi au ni dawa, nimeliandika ubaoni mara ngapi. Ilinipasa nichote maji ya tangi niyanuse. Sikuyanusa. Wafadhili walikuwa wanakuja mwezi huo kutazama bustani, nami niliogopa wakute wanawake wamepungua. Ndiyo sababu yote, hapana nyingine.

Basi nikaenda kwa yule mwanamke, nikamsalimu salamu ndefu, nikamsifu kwa kazi yake. Nikamwambia, "Umejichosha sana, mama. Pumzika kidogo. Nitakuita."

Alitazama tuta lake lililoungua, kisha akanitazama. Nilidhani amefahamu. Mtu yeyote wa Kuze angefahamu. Akasema, "Sawa, mwalimu. Nitangoja uniite."

Wiki mbili zikapita. Tuta likaendelea kuungua bila yeye, na la pili likaanza. Bi mkubwa alisema mkosi una mkia mrefu, hauondoki siku moja. Kisha asubuhi moja khadimu wa msikiti, mtu mpya aliyeajiriwa muda si mrefu, mchapa kazi, alinisimamisha uchochoroni anionyeshe mahali pa udhu palivyong'aa. Ule utelezi wa kijani uliowaangusha wazee miaka na miaka alikuwa ameumaliza. Kila Alhamisi jioni, akaniambia kwa furaha, humwaga klorini ndoo nzima, akasugua, akaisukuma yote kwenye bomba, ili Ijumaa waumini wakute pasafi.

Nilisimama pale nikimsikiliza na kuhesabu siku. Klorini ya Alhamisi ililala kwenye tangi letu. Na Ijumaa asubuhi, wa kwanza kulifungua tangi, wa kwanza kumwagilia, na kwenye tuta lake kwanza, alikuwa nani? Alilimwagia sumu kwa bidii yake mwenyewe, kwa sababu ya bomba langu. Mkosi wake ulikuwa kuamka mapema.

Yule khadimu nilipomweleza alikaribia kulia, na tangu siku hiyo husugua kwa ndimu na majivu. Bi mkubwa naye nilimweleza. Akasema alhamdulillahi, kumbe si jambo kubwa, na mwenzetu apelekewe salamu. Salamu. Sikumlaumu, kwa kuwa ningemlaumu yeye ningebaki na mimi.

Ilikuwa Jumatano. Majengo si safari, ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Ningevaa buibui nikaenda saa ile ile. Lakini wageni walikuwa wanakuja Jumamosi, na mambo ya kusafisha tangi, ya kung'oa yaliyoungua na kupandikiza mengine yasionekane, yote yalikuwa juu yangu. Nikasema wageni wakiondoka tu, nitakwenda kwa nafasi, nikae naye vizuri, nimwombe radhi kwa kituo. Watu wenye adabu hawaombi radhi mbio mbio.

Wageni walikuja, wakala sambusa, wakapigwa picha na kibao. Mmoja wao, mama mpole, aliuliza kama kuna mtu ambaye bustani imemsaidia kweli. Nikamsimulia habari za mwanamke aliyenyamaza, na neno lake la kwanza, na mnavu wa maziwa. Nilisimulia vizuri, mimi ni mwalimu. Alifuta macho, akaandika kwenye daftari, akauliza kama anaweza kumwona.

"Anapumzika," nikasema.

Jumatatu ndipo nilipokwenda. Nilichuma fungu la mnavu nikalifunga kwa ukili, nikaitafuta nyumba nikiuliza. Mumewe ndiye aliyenifungulia, na nyuma yake chumba kilikuwa kimepungua: kitanda kilikuwa na godoro tupu, na ukutani misumari ilikuwa imebaki bila vitu. Akanieleza taratibu, bila kupandisha sauti, kwamba dada wa mkewe alikuja Ijumaa akamchukua, wamekwenda bara kwa mama yao. Hali ilikuwa imerudi kule kule. Hasemi, na sasa hata mboga hasemi. Nikamwambia nimekuja kumwita. Nikamwambia habari za klorini, zote, na nilijisikia nikizisema haraka haraka kama mtoto aliyechelewa shule.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kila asubuhi alivaa zile buti, mwalimu. Akaketi pale kitandani. Mimi nikienda kazini namwacha amezivaa, nikirudi namkuta amezivaa. Nikimwambia vua, ananionyesha mlango kwa kidole. Ulisema utamwita."

Nikasema nasikitika.

"Ungemwambia hapana," akasema. "Hapana angeielewa. Tumeambiwa hapana nyingi."

Akaingia ndani akatoka na buti. Alisema ni mali ya bustani, asingependa ionekane wameondoka na kitu cha watu. Zilikuwa zimeoshwa mpaka kwenye nyayo, hakuna hata chembe ya udongo kwenye mistari. Mnavu wangu hakuupokea. Alisema hana wa kumpikia.

Nilirudi kwa miguu, fungu la mboga mkono mmoja na buti mkono wa pili. Nilipoingia Kuze watu walikuwa vibarazani, na kila niliyempita alinisimamisha kama ilivyo ada yetu: habari za huko utokako, habari za nyumbani, habari za bustani, wageni walifurahi? Nikawajibu wote, mmoja mmoja, nikiwa nimesimama na buti zake mkononi. Njema, nikasema. Njema, alhamdulillahi.