Wanangu wameombolezea redio ya kaseti

Leo wanangu wameomboleza maneno yangu ya mwisho, nami nimeketi hapo hapo nakunywa uji.

Kwa miaka mingi nimewaambia Murithi na Mwenda kwamba wosia wangu umo kwenye kaseti, ndani ya ile redio ndogo niliyokuwa nikitembea nayo.

Tangu hospitali inirudishe nyumbani Githongo, hawajatulia. Asubuhi wameifungua kwa bisibisi.

Betri zilivuja zamani. Springi zimeliwa na kutu, mpira wa kuzungusha umeyeyuka kama lami, na kaseti imegandia humo.

Murithi akashika kichwa. "Sasa tutajuaje mzee alitaka shamba la kahawa ligawanywe vipi?"

"Si nilisema tuipeleke kwa fundi mapema?" Mwenda akamjibu.

Mzee alitaka. Nami nawatazama!

Dada yao Kawira ndiye aliyechoka kwanza. "Si mumuulize? Huyo hapo."

Basi naungama, maana sina siku nyingi. Kaseti ile ni ya kwaya. Sikurekodi neno. Nilitaka tu wasigombane nikiwa hai.

Nikawaambia leo kwa mdomo wangu: shamba ni sehemu tatu zilizo sawa, na moja ni ya Kawira.

Kisha Murithi akainama, akaniuliza polepole, kama mtu anayesema na mtoto: "Baba, ni wewe unasema, ama ni dawa?"

Ndiyo maana naandika hapa. Akili zangu ni timamu.

Aliyesoma, tafadhali aandike hapo chini kwamba amesoma, na aweke jina lake kamili, awe shahidi wangu.