Funda Moja la Dieudonne

Kwetu Mishamo, pombe ya mtama hainywewi na mtu peke yake kama dawa ya kikohozi. Chungu kinawekwa katikati, kila mtu anatumbukiza mrija wake, na maneno yanaanza. Jirani yangu Dieudonne alikuwa mtu wa mrija hasa. Mungu anisamehe, mapafu kama yale sijayaona tena: akivuta, wengine mnabaki kunyonya hewa.

Shida ni kwamba Dieudonne huyohuyo alitaka nyumba ya matofali ya kuchoma. Mwaka tisini na sita alifyatua matofali mazuri, akayaanika. Kisha ikatokea harusi huku, ubatizo kule, na yeye hakukosa hata chungu kimoja. Mvua ikayakuta mabichi. Yakarudi kuwa udongo mbele ya macho yake, na mkewe Joséline akalia kama aliyefiwa.

Mwaka uliofuata akaapa: hakuna pombe mpaka matofali yaive. Sisi tukacheka mpaka mbavu zikauma. Tukawa tunapita kwake makusudi, tukijipangusa midomo.

"Baba Arcade," nilimwambia siku moja, "mtama wa mwaka huu unakuulizia."

Alinitazama kwa uchungu, akarudi kwenye tope lake. Kwa hasira zile akafyatua matofali mengi kuliko ya mwanzo.

Sasa, kupanga tanuri si kazi ya mtu mmoja. Unaita majirani, na majirani hawaji kwa uzuri wa macho yako. Unapika pombe. Joséline akapika. Siku ya kazi mawingu yalikuwa yameshajaa, na matofali mabichi yamelala nje. Tukakizunguka chungu, mirija imeshatumbukizwa, tukasubiri. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, wageni waone haina sumu. Ni adabu ya tangu Burundi, na sisi tulikuja nayo tulipokimbilia huku Tanzania.

Dieudonne akasimama tu.

"Onja basi," mzee Apollinarie akasema.

"Nimeapa, mzee. Mama Arcade ataonja kwa niaba yangu."

Joséline akainamisha kichwa. "Na mimi niliacha. Siku ileile uliyoacha wewe. Sikukwambia, ili nikishindwa nishindwe kimyakimya. Hata wakati wa kupika nilinusa tu."

Dieudonne akamgeukia mkewe. Na sisi tukaangaliana. Pombe gani hii, mume haionji, mke haionji?

Apollinarie akauchomoa mrija wake chunguni. "Nyie kunyweni. Mimi nina wajukuu wa kulea."

Watu wakaanza kuinuka. Na mimi nikainuka, kwa nini nidanganye? Kiu nilikuwa nayo, lakini uhai kwanza. Radi ikanguruma upande wa mlimani.

Dieudonne akayatazama matofali, akamtazama mkewe. Halafu akadaka mrija mmoja chunguni.

"Niliapa kwa ajili ya matofali," akasema. "Sikuapa ili yaloane."

Akavuta funda moja. Macho yakajifumba yenyewe, mabega yakashuka, na mimi nikajua tumempoteza. Huyo haachii mpaka chungu kikauke! Lakini akafumbua macho, akampa Joséline mrija.

"Na wewe. Moja tu. Tumeacha pamoja."

Joséline akavuta lake, akautoa mrija chunguni. Wakaondoka wote wawili kwenda kubeba matofali, wala hawakugeuka nyuma. Nilimpenda yule mtu siku hiyo, nasema kweli. Je, tuliona aibu tukawafuata? Thubutu! Tulikunywa kwanza. Ila tulipoinuka tulifanya kazi kwelikweli, na kabla ya jua kuzama tanuri lilikuwa limepangwa, limekandikwa udongo, na moto unawaka.

Mvua kubwa za mwaka ule, zile walizoziita elinino, zilifika tanuri limeshapoa. Dieudonne akatoka mbio kwenye mvua, akagonga tofali kwa kidole. Likalia kwa sauti ya kukomaa. Akacheka, akalia, akatuita majirani wote tuje tusikie.

"Mama Arcade, yameiva! Lete chungu!"

Joséline akaja na chungu kweli, na mrija mmoja. Akampa mumewe, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Na bati, Baba Arcade?"

Dieudonne akautazama mrija, mvua ikimnyeshea, kisha akaupitisha kwangu.