Salamu Zilizofunga Barabara ya Hospitali

Nimefanya kazi ya uinjinia wa barabara katika miji hii ya mlimani tangu nikiwa msichana, na watu bado wananiuliza huwa nafanya nini hasa. Wanadhani mimi ni mtu wa lami. Lami si yangu. Yangu ni magari: yapite wapi, yasimame wapi, na kwa nini hayasongi. Nikieleza hivyo mtu hunionyesha barabara ya kwao na kusema, "Sasa wewe ulikuwa wapi?"

Niseme mapema kwamba mimi ni mwepesi wa hasira. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikigomba, na magari hayajanisaidia.

Barabara iliyonitoa jasho kuliko zote iko kilimani, upande wa Othaya. Ni nyembamba, inapanda kutoka sokoni, inapita mbele ya lango la shule ya msingi, halafu inaishia hospitalini. Njia nyingine hakuna. Kila asubuhi wazazi walioleta watoto waliiziba kabisa, na aliyekuwa nyuma yao alikaa tu.

Siku moja muuguzi wa wodi ya akina mama alikuja ofisini kwangu bila miadi. Hakukubali hata kiti. Aliniambia kuna mama amejifungulia nyuma ya pikapu, pale pale langoni mwa shule, na aliyempokea mtoto ni mwalimu wa hesabu.

"Mtoto ni mzima, mama ni mzima," alisema. "Lakini Injinia, kila siku hatutakuwa na bahati hivyo. Niambie utafanya nini."

Nilimwahidi nitashughulikia. Ambacho sikumwambia ni kwamba binti yangu aliishi karibu na lile soko na alikuwa na mimba ya kwanza. Hospitali yake ilikuwa hiyo hiyo. Nilihesabu miezi iliyobaki kwa vidole chini ya meza, nikapata minne.

Basi nikaenda na fomu zangu. Asubuhi tatu nilisimama kwenye umande nikihesabu magari, na nikaona suluhisho ni rahisi. Tulipanua kando ya lango, tukachora mishale, tukaweka kibao kikubwa: TEREMSHA MTOTO, ENDELEA. Kwenye karatasi gari halikuwa na sababu ya kusimama zaidi ya sekunde ishirini. Nilijisifu kwelikweli. Usiku huo nililala vizuri sana.

Kesho yake, saa moja haijafika, barabara ilikuwa imeziba kuliko zamani.

Nilikimbia mbele kuona kuna nini. Mzee mmoja mwenye gari la mitungi ya maziwa alikuwa ameshateremsha wajukuu zake zamani, lakini amesimama sambamba na gari lililokuwa linashuka, dirisha kwa dirisha. "Mko wazima? Na mama? Bado mguu unamsumbua? Na ile ng'ombe ilizaa?" Kila swali lilijibiwa, na kila jibu lilizaa swali.

"Mzee, songa!" nikapiga kelele. "Songa, watu wanangoja!"

Mzee alinitazama kwa huruma. Akazima injini, akafungua mlango, akashuka, akanipa mkono. "Pole, Injinia. Kumbe hata wewe hatujakusalimia. Watu wa kwenu wako wazima?"

Na mimi nifanye nini? Nikajibu. Wako wazima. Na wa kwako je?

Nikiwa nimeshikwa mkono hivyo, huku honi zikilia nyuma yetu, ndipo nilipoona ujinga wangu. Nilihesabu magari yote, lakini salamu sikuhesabu hata moja. Ile fomu niliyofundishwa chuoni haina nafasi ya salamu. Mimi mtoto wa huku huku, niliyelelewa na mwanamke ambaye ukimpita jirani bila kumpa mkono anakurudisha, nilidhani watu watateremsha watoto na kwenda zao kama wasiojuana! Nilicheka mpaka yule mzee akaniuliza kama niko sawa.

Tuling'oa kile kibao. Karibu na soko kuna uwanja wa kanisa, mpana na mtupu siku za wiki, na mchungaji alitukubalia. Wazazi wangeegesha huko chini, wasalimiane wanavyotaka, na walimu wapande na watoto kwa miguu kupitia njia ya kando. Mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu mwenye sauti, alikataa katakata.

"Ati watoto wapande na matope? Wazazi watanimaliza, Injinia."

Tulibishana wiki mbili. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: yeye mwenyewe atasimama langoni kila asubuhi na kumsalimia kila anayefika. Nikamwambia asalimie mpaka achoke.

Muhula ulipofunguliwa mpango ulianza, nami nikahamia kwa binti yangu. Wiki ya pili, saa moja kasorobo asubuhi, alinishika bega na kusema, "Mama, ni sasa." Nimeendesha gari maisha yangu yote, lakini asubuhi hiyo funguo ziliniponyoka mara mbili. Niliogopa. Nilikata kona ya soko nikiomba Mungu kwa sauti.

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa magari, watu wanapeana mikono na kucheka. Barabara ilikuwa tupu.

Nilipanda kwa kasi. Langoni mwalimu mkuu aliniona, akatabasamu, akasogea barabarani na mkono wake umeshanyooka. Nikapiga honi na kupita.

"Mama!" binti yangu akalia kutoka kiti cha nyuma. "Hujamsalimia mwalimu!"

"Nyamaza wewe! Na usisukume!"

Mjukuu wangu alizaliwa kabla kengele ya shule haijalia. Msichana, na kelele zake ni zangu kabisa.

Alasiri mwalimu mkuu alikuja wodini na bakuli la njahi, chakula cha aliyejifungua huku kwetu. Alisimama mlangoni amenuna. "Injinia, leo umenipita kama gari ya serikali."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nikamuuliza habari ya nyumbani, ya mama yake, ya watoto, ya mahindi, ya kila ng'ombe. Naye akaanza kuniuliza yangu. Tulikuwa bado kwenye ng'ombe niliposikia sauti ya yule muuguzi nyuma yangu.

"Injinia, songa! Mmeziba mlango, na mimi niko na mtoto hapa."

Nikageuka. Alikuwa amembeba mjukuu wangu. Nikasonga.