Kadi Juu ya Matembele

Dereva wa teksi aliishika ile picha kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na macho, akasoma maandishi ya kadi ndogo iliyolala katikati ya majani, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nyuma nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayekwenda kuchukua majibu ya hospitali, na usiniulize kwa nini. Nilikuja Guangzhou kununua vitambaa vya karakana yangu ya ushonaji, Tanga. Mama alikuwa amenipa picha hiyo siku moja kabla ya safari, akaitoa ndani ya bahasha ya pasi za kusafiria za zamani. "Ukipata nafasi, nenda kaangalie kama matembele yangu bado yapo," aliniambia. Ni picha ya bustani ya nyuma ya nyumba tuliyoishi hapo Guangzhou nikiwa na miaka kumi. Bustani hiyo nimeikimbia maisha yangu yote ya ukubwani, na sababu yake nitakueleza.

Tuliishi chumba cha chini, mama na mimi. Mama alikuwa akinunua nguo za jumla soko la Shahe, mara nyingine la Zhanxi, na kuwapelekea wateja wake wa nyumbani kwa kontena. Nyuma ya jiko letu kulikuwa na mlango wa chuma, na nje ya mlango huo bustani ya bibi jirani, mwenye nyumba wetu. Ilikuwa ndogo, mikeka sita ingeijaza. Lakini bibi yule alikuwa ameshindilia kila kitu humo: mbalungi mmoja mfupi, mpapai, maua ya manjano anayoyakausha kwa chai, mboga za kichina kwenye madebe ya rangi, na mti wenye vimaua vidogo sana ambao ukichanua, hata maandazi ya mama yalinukia maua. Kona moja alimwachia mama, naye akapanda matembele. Bibi hakujua Kiswahili, mama hakujua Kikantoni, na walielewana kwa majani. Huyu anakata fungu lake anampa yule, yule anarudisha bakuli likiwa na ganda la balungi lililopikwa. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao, na mara nyingi hawakunihitaji.

Mwaka ule mwalimu wetu alitupa kazi: kila mtoto apige picha kumi za dalili za majira ya kupukutika majani, apige nyumbani kwake, alete Alhamisi. Kitabuni kulikuwa na miti myekundu na majani yametanda chini. Nikaenda bustanini nikakuta kila kitu kibichi. Guangzhou miti haipukutiki wakati huo, majani huanguka karibu na masika yao, lakini mimi nilijuaje? Nilidhani ni bustani yetu tu iliyokosea, kwa sababu sisi ni wageni. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi, nakuambia ukweli. Nilihesabu ngazi, nilikagua mlango mara tatu, na kila mama alipochelewa sokoni nilikuwa tayari nimeshamzika.

Bibi jirani ndiye aliyenionyesha. Alinishika mkono akanipeleka kwenye utando wa buibui mkubwa mwenye miguu ya manjano, uliofungwa toka mpapai hadi kamba ya nguo. Akanionyesha balungi lililoanza kupauka upande mmoja, kereng'ende amekaa kwenye mwiko wa kuchotea mchanga, udongo uliopasuka kwa ukavu, konokono aliyejifungia ndani ya kombe lake. Majira ya kwao yalikuwa hayo. Hayapigi kelele.

Simu ilikuwa ya mama, ile ile ya biashara, naye aliniachia Jumatano mchana akiwa amelala kidogo baada ya kurudi sokoni. Nami nilijua namna moja tu ya kupiga picha, ya mama. Nguo hupigwa mbele, ikageuzwa nyuma, ikapigwa lebo, ikapinduliwa mshono wa ndani uonekane. Basi jani la mpapai nikalitandika kwenye taulo jeupe, nikapiga mbele, nikageuza nyuma, nikapiga kikonyo. Buibui nikamzunguka pande zote mbili. Nilipofika picha ya saba simu ikagoma, nafasi imejaa.

Hapa ndipo penyewe. Nilifungua picha za mama ili nifute chache. Nikaona kila nguo imepigwa mara mbili. Ya kwanza safi kabisa, nguo peke yake. Ya pili ile ile, ila kikadi cha karatasi kimewekwa juu yake na kuifunika kifua. Nikasema moyoni, hizi zimeharibika. Nikafuta zote zenye kadi, moja baada ya moja, nikajiona nimemsaidia mama kufanya usafi. Kisha nikarudi kwa konokono wangu.

Alhamisi mchana mwanamke mfanyabiashara kutoka Nairobi alikuja kunywa chai. Mimi nilikuwa sakafuni nafanya hesabu za shule. Akamuuliza mama kwa nini hawatumii wateja picha zikiwa kamili, na kadi ya duka, iwe rahisi. Mama akacheka.

"Weee, picha ya kadi haitoki kwenye simu yangu. Mteja akishaiona kadi ya laoban, mwenye duka, mwezi ujao yuko kwenye ndege mwenyewe. Anipitie mimi kufanya nini?"

"Sasa hizo kadi si uziweke kwa handbag?"

"Zinapotea. Na maandishi yenyewe siyasomi. Picha tu. Nikimwonyesha mtu nguo na kadi yake, ananielekeza nirudi wapi."

Penseli ilisimama mkononi. Shahe ni majengo juu ya majengo, vijia visivyo na mwisho, vibanda maelfu, na kila kimoja kimetundika magauni kama cha jirani yake. Kadi ile ilikuwa na jengo, ghorofa na namba ya kibanda. Mama alikuwa ameshachagua mizigo mitano, wenye maduka wanamtengenezea, Jumamosi akaichukue, Jumapili kontena lifungwe. Na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemsikia akimwambia shangazi kwa simu: "Mzigo huu ukienda vibaya, mtoto nitamrudisha huko kwako. Sitaweza."

Ningesema palepale. Sikusema. Mama alikuwa na msemo wake wa kila siku, mficha maradhi kifo humuumbua, na usiku na mchana nikausikia masikioni bila yeye kufungua mdomo. Wali nikaurudisha sufuriani. Ijumaa mwalimu akabandika picha zangu ukutani, zote kumi, akaniuliza mbele ya darasa kwa nini kila jani nimelipiga mbele na nyuma. Wenzangu wakapiga makofi, na mimi nikatamani ukuta uanguke.

Jumamosi tukaenda wote, kwa sababu mimi ndiye niliyejua kusema na wenye maduka. Tulipofika mlango wa jengo la kwanza, mikokoteni ikitupita ubavuni, mama akatoa simu mkobani ili atafute kadi. Nikamwona anapitisha kidole. Anapitisha. Anarudi nyuma. Akakutana na buibui.

"Mama, nilizifuta mimi," nikasema. "Nilitaka nafasi ya majani."

Hakunipiga wala hakupandisha sauti. Alikaa juu ya robota la mtu, akaangalia zile picha za bustani moja moja mpaka ya mwisho. Halafu akainuka, akajifunga upya mtandio.

"Haya. Kama una macho ya kuona konokono, yatumie leo. Hizo kadi ulizofuta, unakumbuka nini?"

Nikakumbuka. Kadi moja ilikuwa na samaki mwekundu. Nyingine ililazwa juu ya meza ya kioo cha kijani. Nyingine pembeni yake kulikuwa na mguu wa kiti chenye magurudumu, kimefungwa kitambaa cha pinki. Tukatembea kijia kwa kijia, mama ameinua picha safi ya nguo, mimi nauliza, wenye maduka wanapunga mkono. "Meiyou, meiyou," hakuna, hakuna. Samaki mwekundu nikamwona juu ya mlango kabla ya saa nne. Meza ya kijani ikafuata. Kufikia saa saba mchana, saa ambayo Shahe huanza kufunga, tulikuwa tumepata mizigo minne. Wa tano ulikuwa masweta ya shule, ya mteja wa Njombe, kwenye baridi. Tulizunguka ghorofa ya tatu mpaka mageti yakaanza kushushwa mbele yetu. Mama akasema twende nyumbani. Kontena likafungwa bila masweta.

Haukupita mwezi, mama akaniambia ninarudi Tanga kwa shangazi. Sikuuliza kwa nini, maana nilijua. Asubuhi ya safari nikiwa nimekaa juu ya begi langu, nilimwona kwa mlango wa jikoni amechuchumaa bustanini, nikadhani anachuma matembele ya mwisho. Bibi jirani alinipa balungi zima, zito, nikalipakata hadi uwanja wa ndege. Pale wakanizuia nisiingie nalo, na ndipo nilipolia.

Mama alibaki miaka mingine saba. Alikuwa akija likizo, tunacheka, tunapika, na suala la masweta halikupata kutajwa. Nami sikuligusa. Nilijiambia amenisamehe, na mtu aliyekusamehe humkumbushi. Lakini kila aliponitumia nguo kutoka China nilizipokea kama mwenye deni, na nilipokuwa msichana mkubwa wa kuweza kumfuata, nilikataa mara mbili. Nilimwambia sipendi ndege.

Basi dereva akanishusha. Nyumba ipo, imepakwa rangi ya kijivu. Nikazunguka nyuma. Mlango wa chuma upo. Bustani haipo. Wamemwaga zege kutoka jikoni hadi ukutani, wakachora mistari, na pikipiki za umeme zimepangwa zikichajiwa. Msichana aliyetoka kuchukua yake nikamuuliza habari za bibi, akasema amehamia pale juzi tu, hamjui bibi yeyote. Nilivuta hewa kutafuta ule mti wa vimaua vidogo. Hakukuwa na harufu yoyote ila mpira.

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Nimefika."

"Marahaba mwanangu. Kadi imekufikisha, eh? Niliiweka pale makusudi asubuhi ya safari yako, ile kadi ya anwani yetu, nikapiga picha. Nilisema siku moja atataka kurudi, na njia hataikumbuka. Matembele yapo?"

"Wamemwaga zege, mama."

Akasema haya, dunia. Nami sijui nilipata wapi ujasiri, labda ni umbali. Nikamuuliza kama alinirudisha nyumbani kwa sababu ya yale masweta.

"Masweta gani? Ya Njombe? Hayo si niliyapata Jumatatu yake. Yalikuwa ghorofa ya pili, sisi tukahangaika ya tatu. Yakaenda na kontena la yule mama wa Nairobi."

"Sasa kwa nini ulinirudisha?"

"Kibali chako cha kukaa kiligoma, mwanangu. Nilikwenda ofisini mara nne. Ningemwambiaje mtoto wa miaka kumi kwamba hapo alipo hatakiwi? Nikaona bora uondoke ukidhani ni mimi tu nimeamua." Kisha sauti yake ikabadilika. "Kwani wewe ulidhani nini?"

Nililia pale kati ya pikipiki, mwanamke mzima mwenye mafundi wanaonisubiri. Nafuu niliipata, sikatai. Lakini rafiki yangu, habari hizo hazikuwa zangu. Zilikuwa za yule mtoto aliyekaa juu ya begi akiangalia bustani, aliyerudisha wali sufuriani, na huyo hayupo tena. Ameondoka na buibui, na mbalungi, na bibi ambaye jina lake sikuwahi kulijua. Ningekuwa na namna ya kumfikia ningemwambia maneno mawili tu, masweta yalipatikana.

Mama akaomba nimpigie picha aone palivyo. Nikapiga zege kwa mbele, nikazunguka nikapiga kwa nyuma. Kisha nikailaza ile picha yake ya zamani chini, mahali nilipokadiria matembele yalikuwa, kadi ikionekana vizuri, nikapiga ya tatu. Nikamtumia hiyo yenye kadi.