Nyumba Huonyeshwa Jua Likiwaka

Raiya ni dalali wa nyumba za kupanga hapa Malindi na, tusimsingizie, uongo hasemi. Ila mteja hampeleki siku ya mvua. Nyumba huionyesha jua likiwaka, paa limekauka na jirani mgomvi ametoka. Miaka ishirini kala kwa mdomo huo, na binti kamsomesha.

Basi binti mwenyewe, Zuleikha, alipokuja kuposwa, mama usingizi ukamruka. Mshenga, Mzee Abdurahman, alileta sifa tele: Yaseen wa Watamu, fundi wa umeme, msikitini hakosi, na mamake anamtunza. Raiya alimsikiliza huku akijisemea, huyu naye anionyesha nyumba juani. Kuna bovu limefichwa. Mke mwingine? Miraa? Zuleikha, aliyekwisha mpenda kijana, alimsihi mamake amwachie Mungu. Wapi!

Akangoja mvua. Masika ilipomwagika, akajitoma kwenye tuktuk hadi Watamu bila taarifa, akabisha hodi, akajitambulisha kuwa ndiye mamake Zuleikha. Macho yalikwisha fika darini. Hapavuji. Yaseen alikuwa jikoni akimpikia mamake uji, maana bibi yule magoti humsumbua. Alimwamkia Raiya shikamoo, akamletea leso kavu ajifute. Mke hakuna, miraa hakuna. Raiya karibu akasirike kwa kukosa kosa.

Mamake Yaseen akamshika mikono kwa furaha.

"Karibu, dada yangu. Mzee Abdurahman katwambia wewe ni mshona kofia, mtu wa ndani, mtulivu. Alhamdulillahi. Kule Kilifi tulivunja posa, mamake binti alikuwa dalali. Watu wale utawaaminije?"

Kumbe bovu lililofichwa ni yeye! Uso ulimwaka kwa haya. Ukweli ulimfika kooni, akamkumbuka Zuleikha, akaumeza. Akasema tu kwamba kofia siku hizi hazina soko.

"Basi ya harusi umshonee Yaseen wewe mwenyewe," akasema mama yule.

Raiya akaitikia. Mvua ilipokatika alirudi Malindi, na kabla ya kufika kwake alipita dukani akanunua kitambaa cheupe, uzi na sindano.

Sasa vidole vyake vimejaa matundu. Na mteja akija kuulizia nyumba, humwomba asimwite dalali kwa sauti.