Chukua Kamba Yako

Mimi ni Mwaija. Nakaa Ngombezi, kwenye kambi za wafanyakazi wa mkonge, ila kwetu ni Handeni. Macho yangu yaliondoka na surua nikiwa na miaka sita. Mwaka uliofuata alikuja mwalimu, akasema ipo shule inayofundisha wasioona kusoma kwa vidole. Kaka yangu Kibwana, aliyetulea baada ya baba kufa, akamjibu kwamba nina kifafa. Sijawahi kuugua kifafa. Ijumaa ya wiki ileile alinikalisha nje ya msikiti, akanionyesha namna ya kukinga kiganja. Wanawe wanne walisomeshwa na kiganja hicho. Mmoja ni karani. Akipita sokoni Korogwe namjua kwa kikohozi chake. Hanisalimii, na mimi ni shangazi yake.

Nilipotimiza arobaini nilichoka. Jirani yangu Yasinta alinifundisha kusokota kamba pajani, kwa nyuzi fupi za katani zinazobaki kiwandani. Vidole vilishika upesi. Najiuliza mpaka leo vingeshika nini kingine. Yasinta alifariki, nikabaki na kazi yake.

Nikatandika kiroba sokoni, nikapanga kamba zangu. Watu wakawa wanadondosha sarafu juu yake na kwenda zao, eti wamenisaidia. Jioni narudi na sarafu na kamba zote. Msikitini nilikuwa nimeondoka, lakini kuomba kulinifuata.

Siku moja nikaamua: anayetoa hela aondoke na kamba. Wa kwanza alikuwa Hosiana, muuza maharage. Alipodondosha yake nikamshika upindo wa kanga.

“Chukua kamba yako, mama.”

“Ya nini? Mbuzi sina.”

“Basi chukua hela yako.”

Akasonya, akawageukia wenzake. “Mmeona wapi ombaomba anachagua sadaka? Kesho atatuandikia risiti.”

Walicheka sana. Nikapapasa mpaka nikaupata mkono wake, nikairudisha hela yake. Tangu hapo hakuna aliyetoa, wala aliyenunua. Hata wa kunisalimia walipungua. Wiki tatu nilikunywa uji mtupu. Kibwana akasikia, akatuma ujumbe kwamba Ramadhani inakaribia, niache kiburi nirudi kukaa msikitini, watu watoe.

Nilikuwa karibu kurudi. Jumamosi akasimama mwanamume mbele yangu, ananuka mbuzi. Hakuniambia pole. Aliokota kamba, akaivuta kwa nguvu, akaipima kwa kutanua mikono.

“Pima ngapi hii?”

“Tano.”

“Nne na nusu. Tena hapa katikati umelegeza. Beberu wangu anaikata kabla ya adhuhuri.”

Nikamwambia mikono yake ndiyo mirefu. Akauliza bei, nikasema elfu mbili. Akasema elfu.

“Kwa elfu kanunue nailoni.”

“Nailoni haina mdomo kama wako,” akasema, akaitupa kamba juu ya kiroba.

Tulibishana kitambo, sauti juu, hakuna aliyemwonea huruma mwenzake. Mwishowe akaondoka bila kununua. Sikumwita.

Nikaichukua ile kamba, nikaipitisha vidoleni taratibu. Kweli, katikati nilikuwa nimelegeza. Nikaifumua mpaka pale, nikalowesha nyuzi, nikaanza kusokota upya. Kibwana sijamjibu. Jumamosi ijayo nitakuwa palepale, na bei ni elfu mbili.