Niliitengeneza Santuri Isiyokuwa Mbovu

Nimekosa, na wa kulaumiwa ni mimi na kiburi changu cha ufundi. Miaka imepita lakini hasira haijaniisha.

Enzi za vijiji vya Ujamaa nilikuwa fundi wa redio na gramafoni hapa Kanyenye. Siku moja akaja nesi wa zahanati ya kijiji, kapanda treni toka Bukene, kapakata gramafoni ya betri. Mkanda wa kuzungusha sahani ulikuwa umelegea. Akaniachia na santuri moja ya kujaribia, ya piano na saksafoni, aliyoletewa na kaka yake kutoka masomoni Ulaya.

"Itunze, fundi," aliniambia. "Marehemu kaka hakuniachia kingine."

Nikabadilisha mkanda, nikaiweka. Loo! Piano inajikwaa, inaruka, inanyamaza pasipotakiwa kunyamaza. Saksafoni nayo inakwenda upande wake kama mbuzi aliyekata kamba. Mimi na masikio yangu ya muziki wa dansi nikaamua kwamba sindano inateleza. Ningemngoja nimuulize ningepungukiwa nini? Fundi mzima, niulize!

Nikaufunga mkono wa sindano nati ya kuuongezea uzito, ili sindano izame. Wapi! Nikaongeza ya pili. Nikaurudia upande ule kutwa nzima, mpaka mifereji ikalika na santuri ikaanza kuruka kweli.

Nesi aliporudi alisikiliza kafumba macho, kidole chake kikigonga meza kila mahali piano ilipotakiwa kugonga. Ndipo nikaelewa kwamba kule kujikwaa kulikuwa kumepangwa, na yeye alikujua kote kwa moyo. Badala ya kukiri, mjinga mimi nikamwambia aliileta mbovu!

"Ilikuwa nzima," alisema. "Wewe ndiye hukuisikiliza." Akabeba gramafoni yake, santuri akaiacha mezani.

Nilikasirika. Nikawa naupiga upande wa pili, uliosalimika, kwenye gramafoni yangu, nipate kuthibitisha kwamba ni makelele tu. Haukupita mwezi nikawa naingojea ile noti chachu ya piano, na nisipoisikia siku haiendi. Nimeipenda santuri niliyoiua mwenyewe, laana gani hii!

Nikapanda treni kwenda kumwomba radhi. Zahanatini wakasema kahamishwa, hawajui wapi. Gramafoni aliiacha kabatini. Aliwaambia haina kazi tena.

Nyie mafundi, na nyie mnaojua kila kitu, usichokielewa usikitie bisibisi. Uliza kwanza. Mimi sikuuliza, na sasa sina wa kumuuliza.